Kifutu Katika Maombi ya Alhamisi

Haya nimeambiwa na Anyesi, binti wa mdogo wangu, mwaka huu baada ya mavuno, alipokuja kutoka Busi tukawa tunapepeta uwele uani.

Alhamisi ile maombi yalikuwa nyumbani kwake. Walikuwa wachache, wamepiga magoti sakafuni. Mwanawe Joel, bado ananyonya, alikuwa amelala kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na mlango. Damas, anayewafundisha waliookoka karibuni, ana sharti lake: kwenye maombi hakuna kufumbua macho. Ruthu, aliyeokoka juzijuzi, hulisahau kila mara.

"Leo usituchungulie, dada Ruthu," Damas alimwambia. "Mungu si sinema."

Watu wakacheka, wakafumba macho.

Damas akaomba mvua, akawaombea wagonjwa. Ruthu akafumbua. Akaona kifutu amejilaza pembeni ya ngozi, kichwa karibu na mguu wa mtoto. Nyoka yule ukimshtua tu, ameshauma. Ruthu akipiga kelele, watu wataruka, na Joel ataamka arushe miguu. Aliyekuwa karibu na mtoto ni Damas, naye kafumba macho.

Basi Ruthu akaingilia, kwa sauti ileile ya kuomba. "Ee Bwana, tunakusihi, mtu yeyote asinyanyuke."

"Amina," wakaitikia.

"Mguse mtumishi wako Damas, afumbue macho."

Damas akasema chinichini, "Dada, hapa tunaomba, hatutaniani."

"Bwana, asinikasirikie. Kuna nyoka mguuni pa Joel. Aishike ngozi upande wa kichwani pa mtoto, aivute kwake taratibu."

"Mama mkubwa," Anyesi aliniambia, "niliuma kanga nisipige yowe. Ombi lote lilinitoka kichwani. Nikabaki na Yesu, Yesu, basi."

Damas akafumbua macho, akaishika ngozi. Akavuta kidogo. Akavuta tena kidogo. Kifutu akavimba, akatoa ule mlio wake wa pumzi. Damas akangoja, jasho linamtiririka. Joel akakunja mguu usingizini, na hapo Damas akaivuta ngozi kwa nguvu zake zote. Kifutu akauma udongo mtupu. Ruthu akamwahi kwa mchi wa kutwangia.

Damas akamwinua Joel, akampa mama yake.

"Dada Ruthu," akasema, "tufungie maombi wewe."

Usiku Anyesi alimlaza Joel kitandani, akakaa pembeni yake akiomba, macho wazi, mkono kifuani pa mwanawe, mpaka usingizi ukamchukua.