Matone ya Uyoga kwa Zulaikha

Mudathiru, fundi cherehani wa Kamembe, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, alikuwa na mke mgonjwa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu Zulaikha akiugua lupus. Daktari aliwaeleza kwamba kinga ya mwili wake imemgeukia, inashambulia viungo na figo zake mwenyewe, na vidonge alivyopewa ni vya kuituliza. Mudathiru alisikia, lakini hakuelewa mtu aliyekonda vile atapunguziwaje kinga.

Ndipo Maman Micheline, mchuuzi anayevuka mpaka kila siku kutoka Bukavu, alipomletea chupa ya maji meusi ya uyoga.

"Papa Mudathiru, hii inaamusha kinga. Bagonjwa benye balikuwa banalala tu, leo banalima."

Mudathiru alijua mkewe amechoshwa na dawa, kwa hiyo hakumwuliza. Kila asubuhi alimtilia matone kumi kwenye chai. Wiki ya kwanza Zulaikha alichangamka, akatembea hadi Gihundwe kumwona dada yake, na Mudathiru akafurahi kimyakimya. Wiki ya tatu vidole vilimvimba asiweze hata kujifunga kitenge. Uso ukajaa vipele, mkojo ukaanza kutoka na povu.

Hospitalini, Daktari Uwamwezi aliuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia.

"Hakuna," Zulaikha alijibu.

Mudathiru alitazama sakafu. Angeweza kunyamaza tu.

"Ipo," alisema. "Ninampa mimi. Yeye hajui." Akaitoa chupa mfukoni.

Daktari aliisoma pande zote. "Siwezi kuapa kwamba ni hii. Lupus huamka hata yenyewe, na mengi yanayosemwa kuhusu uyoga huu yamepimwa maabara tu, si kwa wagonjwa. Ila kuna aina zinazochochea kinga, na sisi tunahangaika kuituliza. Aache leo hii."

Zulaikha alilazwa wiki tano. Figo zilitulia, ingawa hazikurudi zilivyokuwa. Mudathiru alimpelekea chakula kila siku. Zulaikha alikula bila kumtazama. Siku moja akaweka kijiko chini.

"Nilikuwa nakuambia najisikia nafuu, nawe unatabasamu. Kumbe unajua kitu kwenye mwili wangu ambacho mimi sikijui."

"Ningekuuliza, ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Mudathiru alikichukua kijiko, akakifuta. Alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda, na Zulaikha hakumwambia aondoke.