Nyumba Iliyoegeshwa Langoni kwa Mama

Kwa usiku tatu dada yangu mkubwa alilala nje ya lango la mama yetu, ndani ya nyumba yenye magurudumu sita, na nusu ya Kamina ikaja kutazama.

Nitasema ukweli: wa kwanza kutazama nilikuwa mimi. Nilikuwa nafagia lupango, ua wetu, asubuhi ya Jumatano, baridi ya mwezi wa saba imenikaza vidole, niliposikia lori likihema kwenye mchanga. Nikadhani ni Fuso la makala, la mkaa, limepotea njia. Kumbe mgongoni mwa lori hilo kulikuwa na nyumba nzima: madirisha yenye pazia, mlango, ngazi ya kukunja, hata bomba la kutolea moshi wa jikoni. Vumbi jekundu lilikuwa limeipaka kuanzia chini hadi paa. Mlango ukafunguka, akashuka mwanamke mnene mwenye miwani, akasimama. Miaka kumi na minane sikumwona, lakini nilimjua kwa ule mkono mmoja kiunoni.

"Denise," akasema.

"Yaya Ève," nikasema; yaya kwetu ni dada mkubwa.

Tukapeana mikono kama watu wawili waliokutana ofisini. Nikamwambia chumba kiko tayari tangu alipotuma habari ya kuja, mashuka nimebadilisha, aingie. Akaitazama nyumba ya mama, kisha akatazama miguu yake.

"Tutalala humu mu motokari," akasema. "Siku ya Posho asubui tunarudia."

Posho kwetu ni Jumamosi. Nilihesabu moyoni: siku tatu. Nikatabasamu kwa meno tu. Kwetu mtoto akirudi kwa mama yake analala kwa mama yake, hata kama ni kwenye mkeka, hata kama mama mwenyewe yuko makaburini mwaka wa pili sasa. Kulala barabarani, mbele ya lango, watu wa pikipiki za taxi-moto wakipita na kupunguza mwendo ili waone, ni kututangaza.

Jioni ile nikampelekea sahani: bukari, ndiyo ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki mkavu wa Kinkondja niliyekuwa nimemficha kwa ajili ya wageni. Sahani ikarudi imefunikwa vilevile. Bukari haikuguswa hata na kidole. Mama Béthanie, jirani yangu, ambaye macho yake yanavuka ukuta bila kuomba ruhusa, aliiona ikirudi.

"Yo! Denise! Dada yako anaogopa nini kwenu? Anafikiri mutamulisha sumu?"

"Ameshiba," nikasema.

"Ameshiba! Na harufu ya kitunguu inatoka mu ile motokari tangu saa kumi!"

Niliingia ndani nikaikalia hasira yangu. Lakini chini ya hasira palikuwa na woga, na woga huo nitauelezea sasa hivi, maana bila huo mtaniona mimi ndiye niliyeonewa.

Mama alikufa Jumanne. Tulimzika Alhamisi. Mimi nilimpigia Ève simu Ijumaa.

Watu waliniuliza, Ève amejua? Nikawajibu simu yake haipiti. Mtandao wa kwetu kila mtu anaujua, hakuna aliyeshangaa. Sikuwa nimepiga hata mara moja. Miaka saba nilimwogesha mama, nikamgeuza kitandani, nikamchemshia dawa, na uso wake haukung'aa kwa ajili yangu kama ulivyong'aa Jumapili saa nane, Ève alipopiga kutoka Afrika Kusini kuongea dakika tano. "Mwaka huu anakuja," mama alikuwa akiniambia baadaye, kila mwaka. Basi siku alipofumba macho nikasema moyoni, leo ni wangu peke yangu. Ndivyo nilivyosema. Mimi, mwalimu wa shule, mwimbaji wa kwaya ya Wamethodisti. Ijumaa nilipompigia, Ève alisema, "Aksanti kwa kunijulisha," akakata. Tangu hapo hadi habari hiyo ya kuja, ni heri ya Noeli tu.

Alhamisi Ève alikwenda sokoni, nami udadisi ukanishinda. Nikazunguka lile lori kama mnunuzi wa mbuzi. Shemeji yangu Matthias alikuwa amelala chini ya injini, akatoka akinicheka. Ni mtoto wa mji wa Luena, baba yake alikuwa mtu wa reli, na yeye ni fundi huko Johannesburg. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, mbao kwa mbao.

"Ingia, shemeji. Utavunja shingo bure."

Mama yangu! Vikombe vilining'inia kwenye ndoano. Kila kabati lilikuwa na kibano ili barabara isitapanye vitu. Sahani zilikuwa zimelazwa juu ya kitambaa zisipige kelele njiani. Meza ilikunjwa ikawa ukuta, kiti kilivutwa kikawa kitanda. Nikafungua bomba, maji yakatoka. Nikafungua tena, nione kama ni kweli.

"Na maji machafu yanaenda wapi?"

Akanishusha, akanionyesha pipa tumboni mwa gari.

"Na... kule kwingine?"

"Choo? Uliza tu, usipate haya. Iko na sanduku yake. Unaivuta, unaibeba, unaenda kuimwanga." Akakohoa. "Nilitaka kukuomba ruhusa, niimwange mu choo yenu."

Kumbe usafi wote ule, pazia na vibano, ulikuwa unaishia kwenye choo changu cha shimo! Nilicheka hadi nikashika ukuta, naye akacheka, na katika kicheko hicho nikapata nguvu za kumuuliza.

"Shemeji, ju ya nini anakataa chakula yangu?"

Matthias akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Anasema hawezi kula mu nyumba ya lufu kama hajalia ndani yake. Na hawezi kulia kama mutu hajamukalisha chini akamwambia namna mama alikufa. Anasema njo desturi yenu. Anakungoja weye."

Desturi hiyo ya lufu, ya msiba, ni yetu kweli: aliyekosa kilio akifika, anaketi chini, anaelezwa kifo tangu mwanzo, halafu analia na watu wanalia naye, baada ya hapo ndipo anakula. Lakini sisi tuliobaki mjini tulikuwa tumeilegeza. Siku hizi mtu anafika, anapewa soda. Ève alikuwa ameibeba vilevile miaka yote huko ugenini, wala haikunijia akilini kwamba bado anayo.

"Na hii nyumba ya magurudumu?" nikauliza.

"Alisema kama munamufukuza, akuwe na fasi ya kulala."

Basi nikajua deni la maneno ni langu. Kumweleza kifo ni kueleza siku zake: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Na katikati ya siku hizo ilikaa simu ambayo sikupiga.

Ijumaa nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilipeleka makala. Wao wana gesi. Mara ya pili nilijifanya natafuta kuku. Mara ya tatu sikuwa na sababu yoyote, nikasimama tu kwenye ngazi. Ève aliinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua.

"Uko na neno, Denise?"

"Hapana, yaya."

Akarudi kwenye mchele wake. Nikajichukia njia nzima hadi mlangoni, hatua kumi na tano.

Jumamosi niliamshwa na injini. Matthias alikuwa anaipasha moto, ngazi imeshakunjwa. Nikatoka mbio miguu mitupu, kikwembe nakifunga njiani, nikapiga ubavu wa lori kwa viganja vyote viwili.

"Zima hiyo mashini! Zima!"

Akazima. Ève akafungua mlango, nami nikapanda bila ngazi, goti kwanza, kwa umri wangu huu. Nikasimama kati ya vikombe vilivyokuwa bado vinayumba.

"Mama alikufa siku ya Jumanne," nikasema. "Minyi nilikupigia Ijumaa."

"Najua."

"Simu yako ilikuwa inapita, yaya. Sikupiga. Nilidanganya batu bote."

Akavua miwani. Macho yake, bila miwani, yalikuwa ya mama kabisa.

"Kabange alinipigia siku ileile ya Jumanne," akasema. "Mama hajapelekwa hata ku morgue, minyi najua."

Kabange ni binamu yetu. Sikuelewa.

"Ndege ilikuwa Jumatano. Ningefika. Sikutoka. Nilifungua saluni yangu. Siku munamuzika mama, minyi nilisuka vichwa tano."

"Ju ya nini?"

"Kila mwaka nilimwambia nakuja. Kila mwaka! Ningeingia hapa na uso gani? Nikasema, Denise akipiga, naenda. Ukanyamaza. Halafu Ijumaa ukapiga. Nilifurahi, Denise. Unasikia? Mama iko mu udongo, na minyi nafurahi, ju kosa imekuwa yako."

Mkono wangu ulinyanyuka kweli, nataka kumzaba. Miaka miwili niliamka na dhambi ile, nikaenda nayo kanisani, nikaimba nayo, kumbe mwenzangu aliifanya mto wa kulalia!

"Weye ni mubaya," nikamwambia.

"Na weye ni mubaya."

Sijui nani alianza kucheka. Najua kicheko hakikufika mbali. Nikamshika mkono, akashuka, tukavuka lupango. Mama Béthanie alikuwa ukutani. Safari hii akajifunga kikwembe vizuri, akatufuata.

Mlangoni Ève alivua viatu. Akaingia, akaketi kwenye sementi baridi karibu na kitanda cha mama, miguu ameinyoosha, mikono mapajani.

"Haya," akasema. "Alikufa namna gani?"

Nikaketi mbele yake, nikaanza na Jumatatu, na uji ambao mama aliukataa.