Sala Isiyo na Amina

Watu wa Dundori walinicheka sana kwa sababu ya sala zangu ndefu. Walisema ukitaka viazi vyako viive vizuri, viteleke Wangeci akianza kuomba, uviepue akisema amina. Hata mume wangu Ngigi, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa na tabia ya kunikanyaga kidole cha mguu nikiomba, eti watu wana njaa. Nami namkanyaga vilevile, naendelea. Sikuzaliwa mtu wa kukatizwa.

Ngigi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimtoa kwenye mambo mawili, kukemea pombe na kuimba, siku nzima ingepita hujamsikia. Pombe aliikemea vizuri. Kuimba, lo! Alikuwa na wimbo mmoja tu, wa kumkimbilia Bwana, na sauti yake ilikwaruza kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta. Mchungaji alikuwa amemwomba kwa upole aimbie moyoni.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, wakati wa emajensi, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Tulikuwa tunafanya kazi kwenye shamba la mzungu, na Jumapili alituachia ghala lake la pareto tusalie humo. Waumini walipiga chafya kutoka wimbo wa kwanza hadi sadaka, kwa vumbi la yale maua makavu, lakini tulikuwa na furaha. Mkikuyu, Mluhya, Mkalenjin, wote tuliketi juu ya magunia yale yale.

Jumapili hiyo mchungaji hakuwepo, na Ngigi ndiye aliyeongoza ibada. Kabla hajamaliza, lori likaja. Wakashuka askari, na afisa mmoja mzungu, kijana mwenye masikio mekundu, na nyuma yao mtu aliyevishwa gunia mwili mzima, limetobolewa matundu mawili ya macho. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtu wa gunia akikutikisia kichwa, unapanda lori, unapelekwa kambi za mbali, na mkeo atabaki akiuliza kila anayepita barabarani kama amekuona.

Tukapangwa mstari. Gunia likapita mbele yetu polepole, likafika kwa Ngigi, likatikisa kichwa.

Nikatoka mstarini, nikaenda kusimama kando yake.

"Wewe napeleka chakula kwa watu ya msitu," afisa akamwambia. "Alhamisi, usiku. Watu naona wewe."

Alhamisi! Niliposikia hivyo nilikaribia kucheka. Alhamisi Ngigi alikuwa amekwenda Nakuru kununua dawa ya ndama, akipanda lori la shamba na Makokha, dereva wetu. Aliniambia mwenyewe kwamba mvua iliwazuia na kafyu ya usiku ikawakuta, akalala kwenye chumba cha Makokha kule mjini.

"Sema basi, Baba Mburu!" nikamwambia. "Waambie ulilala kwa Makokha!"

Ngigi akatazama viatu vyake. Hasira ilinipanda mpaka nikasahau kuogopa.

"Makokha wapi?" afisa akauliza.

"Amepeleka maziwa Gilgil, bwana. Anarudi sasa hivi. Ngoja atakwambia."

"Mimi hapana ngoja."

Askari mmoja tayari alikuwa amemshika Ngigi mkono. Nikaona lazima nipate muda, hata kidogo, Makokha afike. Na muda ningeutoa wapi? Nilikuwa na kitu kimoja tu mkononi.

"Bwana," nikasema, "ibada haijafungwa. Hata wewe una mama anayekuombea huko kwenu. Tuache tufunge kwa sala, halafu mumchukue."

Afisa akatazama saa. Masikio yakazidi wekundu. Kisha akavua kofia. "Moja tu," akasema. "Fupi."

Maskini, hakujua anaongea na nani.

Nilianza na Adamu. Nikamshukuru Mungu kwa bustani na kila mnyama wa bustani hiyo, nikaja kwa Nuhu, nikakaa kwenye safina siku zote za gharika. Nikatoka nikaombea ng'ombe wa shamba, mmoja mmoja kwa jina lake. Nikaombea pareto, nikaombea mvua ije kwa kiasi, nikamwombea Malkia na watoto wake. Nikamwombea mama yake afisa, goti lake kama linamuuma, kuku wake kama anafuga. Kila nikivuta pumzi ndugu walinijibu, "Ndiyo, Bwana!" kwa nguvu ambayo sikuwahi kupewa Jumapili nyingine. Walikuwa wameelewa. Afisa naye akasimama macho yamefungwa, kofia kifuani. Nadhani mama yake alimchapa akiwa mdogo kwa kuyafungua kabla ya amina. Mtu wa gunia akapiga chafya, nikamwombea afya.

Muda wote huo sikio langu moja lilikuwa barabarani. Bwana, mharakishe Makokha. Bwana, mlete Makokha. Lakini sikusikia lori lolote likipanda mlima.

Halafu, hamtaamini, nikaishiwa. Mimi Wangeci! Nilitafuta neno lingine nikakuta mdomo mtupu. Na hapo ndipo nilipoanza kuomba kweli.

"Baba," nikasema, na sauti haikuwa ile ya kwanza. "Hayo yote nilikuwa nachelewesha tu. Wewe unajua. Naogopa. Nampenda huyu mtu, hata akinikanyaga. Wakimchukua sina pa kwenda. Nimekukimbilia wewe, na sina maneno mengine."

Amina nilishindwa kuitamka. Watu walibaki wameinamisha vichwa, wanangoja.

Ngigi akakohoa.

Sisi tuliookoka tulikuwa na desturi yetu: dhambi ikikulemea, unaitoa hadharani mbele za ndugu, hata kama ni aibu. Nilikuwa nimewasikia wote wakifanya hivyo isipokuwa mume wangu.

"Bwana," akasema, "mimi sikulala kwa Makokha. Nililala selo ya polisi."

Macho yote yakafunguka, yangu ya kwanza.

"Mvua ilinikuta mtaa wa Bondeni, kule Nakuru," akaendelea, yeye bado amefumba. "Nikaona mlango uko wazi, nikakimbilia ndani. Kumbe ni nyumba ya pombe ya busaa. Kabla kofia yangu haijakauka askari wakaingia, wakatuzoa wote. Mimi, mzee wa kanisa, ninayekemea pombe, nimeketi selo katikati ya walevi! Nikaona haya. Makokha nikamwambia nimelala kwa ndugu Mkristo. Mama Mburu nikamwambia nimelala kwa Makokha. Na leo nilikuwa tayari kupanda hili lori kuliko ndugu hawa wasikie nilikolala. Hicho ni kiburi, Bwana, nisamehe. Siku ile mvua ilinifanya nikimbilie mlango mbaya. Leo nakimbilia kwako. Nifungulie."

"Afande!" Sauti ilitoka nje, karibu na lori. Akaingia askari mrefu aliyeitwa Kosgei, anajikuna shingo. "Afande, selo ya Alhamisi mimi ndiye nilikuwa na ufunguo."

"Wewe najua huyu?"

"Uso sikuona, giza ilikuwa mingi. Lakini kulikuwa na mtu mmoja hajalewa, ameimba mpaka asubuhi. Wimbo moja tu, afande! Walevi walilia watolewe. Kulipokucha nilimfungulia ili na sisi tulale."

Afisa akamgeukia Ngigi. "Wewe," akasema. "Imba."

Ngigi akatazama huku na huku kama anaomba ruhusa. Kisha akafungua mdomo, akautoa wimbo wake wa kumkimbilia Bwana, wote, bila huruma. Kabla hajafika kiitikio Kosgei alikuwa ameziba masikio kwa mikono miwili.

"Ni yeye, afande! Ni yeye kabisa! Mwambie anyamaze!"

Hata gunia lilikuwa linatikisika, na sidhani ni kwa chafya. Afisa akauma mdomo, akageuka upande, mabega yakamcheza kidogo. Kisha akavaa kofia yake.

"Amina," akasema, akatoka.

Lori likaondoka bila mtu wetu hata mmoja. Akina mama walipiga vigelegele mpaka popo wakatoka darini. Mimi nilimshika Ngigi kwenye koti nikamtikisa. "Selo, Baba Mburu! Selo! Na kwangu umeniletea uongo!" Nikamkemea huku nalia, nalia huku nacheka, na koti sikuliachilia.

Ndipo Makokha akafika, amejaa matope mpaka kwenye nyusi, analalamika kwamba alipata pancha karibu na Kikopey, msumari mkubwa hivi, na spea hana. Tukamwambia yaliyotokea, na jinsi nilivyotaka aseme Ngigi alilala kwake.

Makokha akashangaa. "Kwangu? Alhamisi? Hapana, mama. Hakulala kwangu. Wangeniuliza ningesema hivyo hivyo, mbele ya serikali nitadanganyaje?"

Nikaketi juu ya gunia la pareto. Sala yote ile ndefu, kutoka Adamu hadi goti la mama wa watu, nilikuwa nikiomba kitu kimoja: lori la Makokha liende mbio. Na Mungu alinisikia vizuri, akaenda akalitia msumari.

Jumapili iliyofuata niliomba sala fupi, watu wakashangaa, mwingine akauliza kama naumwa. Kisha Ngigi akasimama kuanzisha wimbo wake. Mchungaji alimtazama, akafungua mdomo kumkumbusha, akaufunga. Tukaimba naye sote, kwa sauti yake ile ile, na hakuna tena aliyemwambia aimbie moyoni.