Kitenzi cha Daktari Pillai

Kiingereza chake Florentine alikipata Kigoma, utotoni, alipokaa kwa shangazi yake na kusoma kwa wamisheni. Aliporudi upande huu wa ziwa, masista walimfundisha Kifaransa na ushonaji, akaolewa na fundi wa reli, na kile Kiingereza hakikumsaidia kitu kwa miaka mingi. Mume wake alimtania kwamba kitaoza.

Kisha askari wa Umoja wa Mataifa wakafika Kalemie, ambayo siku zile bado iliitwa Albertville. Kati yao walikuwamo Wahindi wasiojua Kifaransa wala Kiswahili. Wakati wa kiangazi cha mwaka 1962, daktari wao, Kapteni Pillai, alianza kutibu raia asubuhi katika nyumba moja juu ya bandari, na Florentine akaajiriwa kuwa mkalimani. Kazi ilimpendeza. Homa, kuhara, vidonda, jino linalouma: maneno yake aliyajua yote, na yale yaliyompita aliyatafuta katika kamusi ndogo ya Kiingereza na Kifaransa iliyokaa mezani kwa daktari.

Asubuhi moja aliingia Mama Thérèse wa kijiji cha Zongwe pamoja na binti yake, Immaculée. Walikuwa wamekuja mjini na mtumbwi kuuza ndagala, samaki wadogo wakavu, wakafikia kwa Papa Augustin, kaka yake Thérèse, aliyefanya kazi bandarini. Immaculée alikuwa msichana mkubwa, mrefu, mwenye mikono ya mtu aliyezoea kasia, naye alizungumza huku amejifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Daktari alimwomba akishushe. Mdomo wake wa juu ulikuwa umeachana tangu kuzaliwa, ufa ukipanda mpaka chini ya pua. Kwao waliuita mdomo wa sungura, na watoto walipouita hivyo njiani, yeye alipita kimya.

Daktari aliutazama mdomo kwa muda, akaugusa kidogo kwa vidole, akaonekana kufurahi. Alisema kwa Kiingereza kwamba mdomo ule ni "cleft", na kwamba angeweza kuushughulikia kesho yake. Florentine hakuwahi kulisikia neno hilo. Alimwuliza daktari maana yake, naye, akiwa ameshaitwa chumba cha pili kwa askari mwenye homa, akajibu upesi kwamba linatoka katika kitenzi "cleave", kisha akaenda.

Florentine alifungua kamusi. Mstari wa kwanza chini ya "cleave" ulisema kwa Kifaransa: kunata, kuambatana. Akamgeukia Thérèse, akamweleza kwamba daktari anasema mdomo umeshikamana.

Thérèse alimtazama binti yake, kisha akamtazama yeye.

"Mwanangu, kama ulikuwa umeshikamana, tungekuja hapa kutafuta nini?"

Florentine aliona haya. Alirudi kwenye kamusi, akashuka mstari mmoja, na hapo akakuta "cleave" nyingine: kupasua. Sasa alikuwa na hakika. Akasema kwamba amekosea, kwamba kweli kweli daktari anataka kuupasua huo mdomo, kesho asubuhi.

Huku kwetu kupasua ni neno la daktari anayefungua tumbo la mgonjwa. Lakini ni neno la fundi wa mbao na la mwenye kuni vilevile, na Thérèse alilisikia hivyo. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mdomo wa mtoto wake umepasuka vya kutosha, akamshika Immaculée mkono, wakatoka.

Daktari aliporudi alivikuta viti vitupu. Aliuliza wagonjwa wamekwenda wapi. Florentine alimsimulia kila kitu jinsi kilivyotokea, na ilimbidi kukirudisha katika Kiingereza: nimewaambia kwamba utaupasua mdomo. Daktari alianza kucheka, halafu alipoona uso wake akaacha, akavuta kiti na kukaa mbele yake. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko kwao Kerala, na kitenzi kile kilimpeleka nyumbani mara moja.

Alimfafanulia kwamba vitenzi ni viwili. Zamani sana havikufanana, kisha vinywa vya watu vikavisogeza mpaka vikapata sauti moja, kama watu wawili wasio na undugu wanaoitwa jina moja katika kijiji kimoja. Cha kwanza ni kupasua, na hicho ni kikaidi. Leo unapasua, "cleave". Jana ulipasua, "clove", na wengine husema "cleft". Kitu kilichokwisha kupasuka ni "cloven" au "cleft", lakini huchagui upendavyo: kwato za mbuzi ni "cloven", jiwe lenye ufa ni "cleft", na mdomo ni "cleft" daima. Ukisema mdomo ni "cloven", watu watadhani unamsema mbuzi. Cha pili ni kuambatana, nacho ni kitulivu: "cleave", "cleaved", "cleaved", na nyuma yake hufuata "to". Mtoto mchanga "cleaves to" mama yake.

Florentine alirudia yote kwa sauti. Aliona jinsi neno lilivyompotosha: daktari alikuwa ameeleza mdomo ulivyo, siyo atakachoufanya. Kisha akauliza, kesho daktari atatumia kitenzi kipi kati ya hivyo viwili.

Daktari Pillai alifikiri, akatabasamu. Alisema atavitumia vyote. Ngozi ya kingo za ufa imepona kitambo, na ngozi iliyopona haishikani na nyingine. Kwa hiyo atazikata kingo kidogo sana, azikutanishe, azishone, nazo zitaambatana zenyewe.

Florentine hakungoja mchana. Aliomba ruhusa, akashuka kilima, akavuka reli mpaka mtaa wa Kataki, nyumbani kwa Papa Augustin. Alimkuta Thérèse akifunga mzigo wa chumvi na sabuni, maana kulikuwa na mtumbwi wa kurudi Zongwe jioni ile. Immaculée alikuwa anapepea jiko. Papa Augustin, mtu wa maneno machache, alimpa mgeni kiti na kumwuliza kama ameleta kisu.

Florentine aliwaambia kwamba neno ndilo lililomkosesha. Alitaka kuwaeleza vile vitenzi viwili, na kweli alianza: kliv, klofu, klofeni; kliv, klivdi, klivdi. Papa Augustin alisikiliza kwa heshima, kama asikilizavyo misa ya Kilatini. Thérèse aliendelea kufunga mzigo. Hapo Florentine aliviacha vitenzi, akamwambia kwa maneno ya kawaida kwamba daktari hatazidisha ufa. Atazikata kingo kidogo, azilete pamoja, halafu azishone.

Mikono ya Thérèse ilisimama.

"Atashona?"

"Njo hivyo, Mama. Atashona."

"Na juu ya nini hukusema kushona tangu asubuhi?"

Papa Augustin alicheka mpaka akakohoa, na Thérèse naye, bila kupenda, akaanza kutikisika mabega. Baada ya kicheko yalikuja maswali ya haki. Itauma? Kidogo, kuna sindano ya kutia ganzi. Alama itabaki? Itabaki, mstari mmoja. Na kama mshono utaachia? Florentine alisema hajui, lakini atamwuliza daktari mbele yao, na safari hii hatafungua kamusi.

Thérèse alikuwa bado anasitasita. Ndipo Immaculée, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza, aliweka pepeo chini na kusimama. Maneno yake yalitoka kwa taabu kama siku zote, hata hivyo kila mtu mle ndani aliyasikia.

"Mama, mutumbwi uende. Mimi ninabaki."

Mtumbwi ulikwenda. Asubuhi iliyofuata Florentine alisimama kando ya meza akimshika msichana mkono, akimfasiria kila kitu daktari alichokifanya, kwa Kiswahili cha jikoni. Thérèse alikaa nje barazani na rozari yake. Mambo yote yalikwisha kabla jua halijawa kali. Juma lililofuata daktari alitoa nyuzi, akampa Immaculée kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Msichana alijitazama. Halafu alikusanya midomo yake miwili, polepole, kama mtu anayejaribu viatu vipya, akapuliza kioo mpaka kikafunikwa na ukungu. Akakifuta, akapuliza tena. Thérèse alianza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, na daktari akageukia dirisha kutazama ziwa.

Masika yalipokwisha, Florentine alialikwa Zongwe kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani wa kina Thérèse. Alipokelewa kama ndugu. Tangu mbali, akiwa bado katika mtumbwi, alisikia sauti ya mwanamke ikiwagombeza vijana waliokuwa wakivuta wavu ovyo, ikiwaita mmoja mmoja kwa majina na kuwaeleza jinsi baba zao walivyovuta vizuri zaidi. Vijana walikuwa wakicheka na kuvuta. Ilikuwa sauti ya Immaculée, aliyesimama majini mpaka magotini.

Thérèse alimshika mgeni mkono kumteremsha.

"Unasikia?" alisema. "Tangu alfajiri njo vile. Zamani nyumba yangu ilikuwa na kimya."

Akasema hivyo akijaribu kukunja uso, akashindwa. Kisha akamvuta Florentine kuelekea jikoni, kwa sababu samaki wa kuhe alikuwa ameshaanza kuiva, na wageni wengine walikuwa wanashuka kutoka Mpala.