Mbeba Viti wa Avenyu Yetu

Mtoto wangu Exaucé hana kazi, na sijawahi kumwona amekaa. Hilo ndilo lililokuwa likinikera. Kama huna kazi, kaa basi, tujue moja. Lakini yeye anaamka kabla yangu, mimi ninayeuza samaki wakavu sokoni, ananawa, anavaa shati lililopigwa pasi, anatoka kama vile kuna bosi anamngoja mahali. Bosi gani? Shule aliiacha kabla ya mtihani wa serikali, mwaka ule baba yake alipotutoka. Diploma hana. Kule kwenye viwanda vya shaba, ukifika bila diploma wanakuuliza una nani ndani wa kukusukuma, na huyo wa kumsukuma naye hana. Ana miaka ishirini na minne, na kitu anachojulikana nacho hapa Likasi ni kubeba viti.

Ndiyo, viti. Mtu akifa huku kwetu, kilio kinafanyika nyumbani kwake, watu wanakaa nje usiku na mchana mpaka mazishi yapite. Wanakaa juu ya nini? Juu ya viti vya plastiki vya majirani. Basi Exaucé anapita mlango kwa mlango kuviazima, anavipanga kichwani mnara mzima, anavipeleka, na kilio kikiisha anavirudisha. Ili watu wasigombane, kila kiti amekifunga kipande cha kitenge mguuni. Kitambaa chenye samaki wa buluu ni cha Mama Bibiane, muuza mandazi jirani yetu. Chekundu ni cha Mzee Barnabé, yule mstaafu wa reli. Mimi nina viti vinne vipya na sijawahi kumpa hata kimoja. Nilimwambia, viti vyangu havihudhurii misiba.

Siku ambayo hakuna kilio, anachimba mifereji ili mvua isiingie nyumbani mwa watu. Umeme ukikatika upande wetu, anakusanya simu za avenyu nzima kwenye kikapu, anazipeleka kuchajiwa upande wenye umeme, jioni anazirudisha na salamu za huko. Jumapili anaimba sauti ya chini kwenye kwaya. Simu yake yenyewe kioo kimepasuka, lakini ndani yake kuna kundi la WhatsApp la vijana wenzake wasio na kazi. Kundi linaitwa Tuko. Kila asubuhi wanaulizana nani ameamkaje na wapi kuna mkono unahitajika.

Siku moja nilimkalisha. Nikamuuliza, "Exaucé, nani anakulipa?"

"Hakuna, mama."

"Sasa unafanya juu ya nini, kwa faida gani?"

Akafikiri kidogo. "Nikibaki mu nyumba, minye mwenyewe ninaanza kujisahau. Nikitoka, bantu banaita jina yangu."

Nikamwambia aondoe miguu yake kwenye mkeka wangu. Rafiki yake Pitshou alikwenda kwenye mashimo ya wachimbaji, akawa anampigia simu aje wachimbe pamoja. Exaucé akamjibu kwamba hawezi, kwa sababu nani atarudisha viti vya Mama Bibiane. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikamshukuru Mungu kwa ajili ya viti vya Mama Bibiane, maana mashimo yale yamemeza watoto wa watu.

Shida yangu ya kweli ilikuwa mama yangu, Simone. Kambo, ndivyo avenyu yote inavyomwita, kama wanavyomwita bibi yeyote huku. Nilimtoa kijijini kwetu, kando ya ziwa Tshangalele, miguu imemvimba na moyo unamwenda mbio. Hapa hospitali iko karibu na dawa anapata. Daktari aliniambia waziwazi: akikaa, ana miaka mbele yake, akirudi kule kusiko na dawa, mvua hizi hazimalizi. Na yeye alitaka kurudi.

"Kule ku ziwa, muntu akikufa, hakuna mutumbwi inatoka," alikuwa akisema. "Nyavu zinakauka mpaka azikwe. Hapa nani atanililia? Weye, mutoto wako, na kuku."

"Mama, usifikirie kufa."

"Kufa nitakufa tu. Kukosa benye kunililia, njo mubaya. Mutanizika kama muntu hana kwabo."

Ukweli ni kwamba alikuwa amenishika pabaya. Sisi ni wapangaji. Ndugu za marehemu mume wangu waligawana sufuria na kwenda zao, hatujawaona tena. Nikipiga hesabu ya watakaokuja kwenye kilio chetu, nilimwona mchungaji na mke wake, tena kama hakuna mvua. Na mimi nimewahi kukaa kwenye kilio kitupu. Unasikia sauti yako mwenyewe ikilia, halafu unaona haya, unanyamaza.

Exaucé alimwambia, "Kambo, bantu batakuya."

"Banani?"

"Bantu."

"Mutoto wa biti," akasema Kambo, maana viti kwake ni biti, akageukia ukutani.

Akafunga furushi lake. Jumamosi angeondoka na Papy, dereva wa lori linaloniletea samaki kutoka ziwani.

Ijumaa asubuhi Exaucé alitoka kwenda kubeba viti kwenye kilio cha mbali, upande wa pili wa mji. Nilimwambia akate kwanza matawi ya mwavoka, mparachichi wetu, yaliyokuwa yakigonga bati, akasema jioni. Nikabaki na Kambo. Akaniita nimkunjie kitenge atakachozikwa nacho, akiweke juu kabisa ya furushi, watu wa ziwani wakione mara moja. Nilikikunja. Halafu hasira ikanipanda, na mimi hasira yangu haikai chini. Nikachukua panga, nikauendea ule mwavoka.

Nilikata matawi kana kwamba ndiyo yaliyomshauri mama yangu. Kila nililolikata nililirusha ng'ambo ya ua, barabarani. Na nilikuwa nalia. Mimi silii taratibu kama wanawake wa kanisani. Mimi nikilia, utadhani namwita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Mama! Weye mama! Unaniacha na nani?" Hayo ndiyo maneno yangu, neno kwa neno.

Mtu wa huku ameshaelewa nilichofanya. Matawi mabichi yakilala barabarani mbele ya nyumba, maana yake ni moja tu: hapa kuna kilio, mwenye gari apunguze mwendo, mwenye redio azime. Nimeishi Likasi miaka ishirini na nimeyapita matawi hayo mara nyingi nikiwa nimevua kilemba. Siku hiyo akili haikuwepo. Hasira hasara.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Bibiane, amejifunga kitenge kiunoni, analia, na kiti chake kichwani, kile chenye samaki wa buluu. Nikafikiri mandazi yamemchanganya. Kabla sijamuuliza, wakaingia wengine watatu nyuma yake, na viti. Halafu Mzee Barnabé, asiyesalimu hata watoto wake mwenyewe, amekumbatia kifuani kiti chake chenye kitambaa chekundu. Akakiweka chini, akavua kofia.

"Leo mubeba biti njo mwenye kufiwa," akasema. "Kila muntu abebe yake."

Na kila mtu alibeba chake. Wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, mwalimu wa kwaya na kwaya yake. Vijana wa Tuko walifika na turubai na kamba, wakaanza kusimamisha hema bila kuuliza, na kundi likawa linatuma ujumbe baada ya ujumbe: Kambo ya Exaucé amekufa, njooni. Mtu akawasha moto, mtu akaleta sufuria ya bukari, ugali wetu, na unga wake.

Nilijaribu kusema. Niliwaambia, "Jamani, mama yangu hajafa." Sasa ni mfiwa gani asiyesema hivyo? Wanawake wanne wakanishika, wakanikalisha chini, wakanipapasa mgongo. "Lia tu, Mama Exaucé. Usizuie." Nikazidi kukataa, wao wakazidi kulia kwa uchungu wangu.

Hapo mlango ukafunguka, Kambo akatoka na fimbo yake.

"Nani amekufa?" akauliza.

Kilio cha Mama Bibiane kilikatikia kooni. Mtoto mmoja alikimbia mpaka barabarani. Mzee Barnabé akakohoa na kusema, "Ni weye, Kambo."

Mama yangu hakukasirika. Alitazama ua wetu, akatazama barabara, viti vimejaa mpaka ng'ambo, na juu ya kila kiti mtu mwenye macho mekundu. Kisha akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na kumgeukia Mama Bibiane.

"Weye, hatujuane. Unanililia juu ya nini?"

"Kambo, ku kilio ya bwana yangu, ndugu zake balikuya kula, bakaenda. Mutoto wako alilala inje na siye mpaka ku mwisho."

"Na weye, muzee?"

Barnabé akazungusha kofia mikononi. "Anapita kunisalimia kila asubuhi," akasema. "Kuko siku sisikie sauti ingine."

Kambo akatikisa kichwa. Na ndipo tuliposikia sauti ya mwanaume akilia barabarani, bila aibu, akipita katikati ya matawi. Ujumbe ulimkuta Exaucé kule ng'ambo ya mji, kwenye kilio cha watu wengine. Alikuja kwa miguu njia yote. Machozi na jasho vimelowanisha lile shati la pasi, na kichwani ana mnara wa viti, alivyowaomba wale wafiwa wa kule wamgawie. Aliamini bibi yake amekufa, mwanangu, na bado alikumbuka kujiuliza watu watakaa wapi. Nimemzaa mimi, lakini siku hiyo nilimtazama kama mtu ninayemjua kwa mara ya kwanza, na moyo wangu ukajaa mpaka nikakosa pa kuuweka.

Akamwona Kambo ameketi. Viti vikamwanguka vyote, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Akapiga magoti na kuweka kichwa mapajani mwa bibi yake.

"Inuka," Kambo akamwambia, lakini mkono wake haukutoka kichwani mwake. "Kusanya biti ya bantu."

Hakuna aliyeondoka. Bukari ilikuwa imeshaiva, na chakula cha kilio hakirudishwi. Kwaya iliimba, Barnabé akasema huu ni msiba wa kwanza anaouona marehemu akiomba aongezewe mboga ya sombe. Kambo alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. Mimi nilikula na aibu yangu. Walisema wakubwa, usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mimi nilikuwa nimewatukana miaka.

Jumamosi Papy alifika na lori. Furushi lilikuwa limeshafunguliwa, kitenge cha kuzikwa kimerudi sandukuni. Kambo alikuwa ameketi mlangoni, kwenye kimojawapo cha viti vyangu vinne.

"Ubaambie kule ku ziwa batie nyavu mu mayi," akamwambia Papy. "Basiningoje. Minye nilisha kuliliwa, na niliona na macho yangu."

Papy akanitazama, nikamwambia ashushe samaki aende.

Mchana ule Exaucé akapita. Kulikuwa na msiba mwingine avenyu ya tatu, msiba wa kweli, na alikuwa akikusanya viti. Alipofika kwetu alipita moja kwa moja, kwa sababu anajua msimamo wangu. Kambo akamwita, akashika fimbo, akasimama.

"Beba na hii."

"Kambo, utakaa wapi?"

"Ku mukeka. Sitakufa leo."

Exaucé alikuwa tayari na mzigo wake kichwani, hana mkono uliobaki. Akanigeukia. Nikachana upindo wa kitenge changu nilichokivaa, nikaufunga mguuni mwa kiti, nikakiweka kichwani mwangu na kumfuata.