Kifua cha Zozed

Asubuhi daktari wa serikali alimkwaruza Zozed kifuani kwa ukucha, akaukodolea macho mstari, akatangaza kuwa huyu ni Mwojibwe, mwenyeji wa asili wa Marekani, wa damu safi. Kisha akamkwaruza Maagid, pacha wake wa kufanana, aliyemfuata duniani kabla maji ya kumwogesha Zozed hayajapoa. Huyo akaambiwa ni chotara wa Mzungu. Eti mstari wake umekuwa mwekundu mno.

Jamani, baba mmoja, mama mmoja, tumbo moja!

Yangekuwa maneno matupu, Zozed angecheka akaenda zake. Lakini wakata mbao walikuwa wamewachovya wote wawili vidole gumba kwenye wino, wakiwaambia wanapokea unga wa msaada, kumbe wanauza ardhi. Sheria ya Washington ilisema mwenye damu safi hawezi kuuza, kwa hiyo ardhi yake inarudi. Chotara ameshauza, shauri yake. Na katika kipande cha Maagid ndiko ilikosimama miti ya sukari ya mama yao, ile waliyoigema kila mwaka theluji ilipoanza kuyeyuka, wakakesha wakichemsha utomvu na kugombana nani ameuunguza.

Maagid alikaa nje ya ofisi akilia kimya. Zozed hakuwa mtu wa kulia. Alimvua dada yake shali, akajitanda mwenyewe, akarudi ndani. Kifua kilichokuwa safi asubuhi, mchana kitakuwa kimeoza? Alimwambia Bazil, mkalimani, mtoto wa kaka yao, kwamba Maagid anaomba apimwe tena. Bazil alimtambua palepale shangazi yake huyo mkorofi. Hata hivyo akatafsiri.

Daktari alipiga miayo, akakwaruza, akatazama. Akasema ni chotara, kama alivyosema mwanzo.

Hasira zilimpanda Zozed mpaka masikio yakawaka moto. Akalitupa shali chini.

"Mwambie mimi ni Zozed. Kifua ni kilekile. Asubuhi alikiita safi. Kimechafuka kwa supu ya mchana?"

"Shangazi, nakuomba, nyamaza," Bazil alisema kwa sauti ya chini. "Utapoteza na kipande chako."

"Mwambie."

Akaambiwa. Basi mtu mzima yule, msomi, mwenye miwani, hakuona haya hata chembe. Alimnong'oneza karani, na karani akafuta neno moja kwenye karatasi, akaandika jingine. Bazil alishindwa kuinua uso.

"Anasema kama ni hivyo, nyote wawili ni machotara. Ardhi zote mbili zimeuzika."

Zozed alifunga vifungo vya gauni lake. Alikuja kuokoa kipande cha dada yake, akapoteza na chake. Nje Maagid alikuwa bado anamsubiri, na matumaini yake yote kayaweka kwake.

Daktari alikuwa ameshainama kutafuta jina linalofuata, kola yake imelegea kwa joto. Zozed akanyoosha mkono juu ya meza, akaivuta ile kola, akamkwaruza kifuani kwa nguvu zake zote. Mstari ukajitokeza, mwekundu kama nyanya.

"Naye ni chotara," akamwambia Bazil, huku karani akikimbilia mlangoni kuita askari. "Muulize ardhi yake iko wapi, tuiuze."