Kandambili ya Kushoto

Gordon aliibeba ampu, ile mashine ya kukuza sauti ya gita, kutoka ndani kama mtu anayebeba jiwe, akaibwaga nyuma ya kiti changu, hatua tatu kutoka kwenye jeneza la kaka yake.

"Haya, nyar Kisii," alisema, yaani binti wa Kisii, hema zima likisikia. "Si ulisema mume wako alikuachia wimbo? Piga. Ukishindwa, kwaya inaendelea na kinanda, na hii mashine naenda nayo Rodi Kopany."

Siku tatu kabla hajafa, Willis aliniomba nimpigie ule wimbo aliotunga tukiishi Migori, kwa gita lake mwenyewe, kabla hajafunikwa udongo. "Usiwaache wanizike na kinanda," alisema. Nilimwahidi.

Nilikuwa nimevaa koti lake na kandambili zake, maana hapo Kosele mjane huvalishwa vitu vya mumewe. Koti lilinifika magotini. Miguu ya Willis ilikuwa mikubwa, kwa hiyo nilitembea nikiburuta.

Nilichomeka waya wa gita ampu ikiwa imezimwa, nikarudisha kitufe cha sauti hadi sifuri, ndipo nikaiwasha. Hivyo ndivyo alivyonifunza: kwanza kimya, halafu unapandisha pole pole. Lakini kabla sijakigusa tena kile kitufe, mkono wa Gordon ulipita begani mwangu ukakizungusha mpaka mwisho.

Ampu ililia. Mlio ulikuwa mwembamba na mkali, hata watoto wakaziba masikio.

"Willis anakataa!" mwanamume mmoja alisema nyuma. "Hataki kupigiwa na mwanamke."

"Mimi nilisema," Gordon alijibu. "Si nilisema?"

Nilishusha sauti hadi nusu. Ikalia tena. Hapo ndipo nilipotazama tundu la gita nikaona liko wazi. Willis alikuwa ameliziba kwa kipande cha duara alichokata kwenye soli ya kandambili, ili sauti ya ampu isiingie humo na kuzunguka tena hadi ilie. Kipande hakikuwapo.

"Shemeji, ile raba ya hapa iko wapi?"

"Ule uchafu? Nilitupa chooni. Nani anaweka kiatu kwa gita?"

Watu walicheka, wengine wakiwa bado na machozi.

Nilivua kandambili ya kushoto, nikamwomba Mellen, mmoja wa wanawake waliokuwa wakikata mboga, anipe kisu chake. Mama mkwe, Mama Phelesia, alinishika mkono.

"Hiyo ni ya mtoto wangu. Ukiikata, umemkata yeye. Mbele ya watu?"

"Mama, ile raba ya kwanza Willis aliikata kwenye kandambili ya baba yake. Wewe ndiye uliyemficha jikoni asichapwe. Alinisimulia."

Aliitazama kandambili mkononi mwangu. Hakutabasamu.

"Ilikuwa ya kulia," alisema. "Mzee alitembea na moja wiki nzima." Akauachia mkono wangu.

"Mama, unamwacha?" Gordon alisogea.

"Gordon, keti."

Nilichora duara kwa mkaa, nikakata, nikakisukuma kipande tunduni mpaka kikabana. Niliibeba ampu mwenyewe nikaiweka mbele yangu, ikiwaelekea watu. Nikapunguza besi. Nikapandisha sauti pole pole, na safari hii haikulia.

Wimbo una beti tatu tu. Nilikosea mahali pawili, na vidole vyangu vilikuwa na harufu ya mboga. Gita lilisikika hadi kwa waliosimama barabarani. Nilipomaliza nililaza gita mapajani. Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kanga yake. Kisha kwaya ikaanza na kinanda chao, na tukamzika. Nilisimama kaburini mguu mmoja ukiwa peku.

Jioni Gordon aliifunga ampu kwa kamba kwenye pikipiki.

"Sikushindwa," nilimwambia.

"Hata kama. Wewe ni wa kuondoka hapa."

Niling'oa kipande cha kandambili kutoka kwenye gita, nikakitia katika mfuko wa koti. Sikumwambia kwamba ampu haiwekwi nyuma ya mtu, wala kwamba sauti yake huanzia sifuri.

Mellen huenda soko la Rodi Kopany. Anasema Gordon huiweka ile ampu nyuma yake anapotangaza huko, akishika maikrofoni inalia, na watu wanamwambia Willis bado anakataa.

Gita liko kwangu, na tundu lake limezibwa. Kandambili ya kulia iko chini ya kitanda.